Mbwa Uliyempeleka kwa Daktari

Liège, Jumapili baada ya misa

Kwa kaka yangu, Yaya Déogratias,

Nakusalimu, kwa sababu Maman alitulea hivyo: hata tukigombana, lazima tusalimiane kwanza. Goti lako likoje? Nasikia mvua haijaacha kupiga Bagira na barabara ya kushukia mjini imekuwa matope matupu. Wifi yangu Chantal amepona malaria? Maman anakula vizuri? Niandikie habari za Maman kwa urefu. Usiniambie tu "iko muzima", maana ndivyo unavyonijibu kila mara na mimi nabaki sijui kitu.

Sisi tupo. Papa Ansima bado anachomelea vyuma kwenye karakana ileile, na mgongo wake haujambo. Ansima ameanza mwaka wa nne wa shule, anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi. Hapa tunaishi ghorofa ya tano, na majirani hatujui hata majina yao. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo. Sasa kaa chini, Yaya, nikueleze yote kwa mpangilio, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Ukisikia sauti yangu imepanda unasema réseau imekatika.

Unamjua Tigre. Unajua tulimleta kutoka Mudaka akiwa mdogo wa kuingia kwenye mfuko wa soko, na unajua hakuletwa kwa ajili ya Ansima. Aliletwa alinde kuku. Lakini ile siku nikiwa nyuma ya nyumba natwanga majani ya sombe, mbwa akaja akaning'ata kitenge akivuta. Nikampiga na mwiko. Akarudi, akavuta tena. Nikamfuata kwa hasira, na ndani nikamkuta Ansima chini, crise ya kifafa imemshika, povu mdomoni, kichwa kinagonga mguu wa meza. Tangu siku ile Tigre hakuniangusha hata mara moja. Crise ikianza alikuwa analala ubavuni mwa mtoto, halafu anakimbia kuniita. Daktari wa Ansima mwenyewe aliniambia, "Maman, huyo mbwa usimwache." Wewe ulikuwepo, Yaya. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kando yangu.

Kwa hiyo Papa Ansima alipotuita tuje kuishi naye huku Ulaya, nilisema nakuja na mtoto, nakuja na mbwa, na paka pia, kwa sababu Ansima hangekubali Minou abaki peke yake. Majirani wa avenue yetu walinicheka. "Batu banakosa visa, wewe unatafutia imbwa visa!" Nikawaacha wacheke. Niliuliza, nikaandika kila kitu kwenye karne, lile daftari langu dogo. Kwanza ile puce, kidude kidogo kama punje ya mchele, inaingizwa chini ya ngozi ya shingo na ina namba yake. Baadaye chanjo ya kichaa cha mbwa. Baada ya mwezi mmoja wanatoa damu, inapelekwa Ulaya kupimwa kama chanjo imeshika. Halafu unangoja miezi mitatu ndipo mnyama apande ndege. Ukiruka hatua moja, yote yanaanza upya.

Nilipanga kuwapeleka wote wawili mimi mwenyewe. Tigre akaugua homa ya kupe, daktari wa wanyama akasema tungoje apone. Na mimi nilikuwa natakiwa Kinshasa na Ansima kwa mambo ya visa. Ndipo nikaja kwako. Sikwenda kwa mwingine yeyote. Nilikuja kwako kwa sababu wewe ni mwalimu, wewe ndiye unaandikia watu barua za serikali, na Papa yetu alipokuwa anakufa alisema mambo ya nyumba yapitie kwako. Nilikupa karne mkononi. Uliivaa ile miwani yako, ukasoma kila mstari, ukasema, "Enda na amani. Hii ni kazi kidogo."

Kazi kidogo. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, Yaya.

Niliporudi Bukavu nilikuta karatasi zote tayari kwenye bahasha, muhuri juu ya muhuri, za Minou na za Tigre. Nilikushukuru mbele ya Maman. Nilikupikia samaki. Ulikula.

Safari yenyewe sikukusimulia kamwe. Kwenda Kigali kwa gari, Tigre alitapika mara tatu kwenye kona za msitu. Fundi wa Kadutu alikuwa ametutengenezea sanduku la mbao zuri sana, lakini pale uwanja wa ndege walilikataa, wakasema lazima mbwa asimame bila kichwa kugusa juu na aweze kugeuka mzima. Tukatafuta lingine la plastiki siku nzima, tukalipata. Walipima sanduku, wakasoma karatasi, wakaziamini kama mimi nilivyoziamini. Wakabandika alama ya mnyama hai, wakafunga kibakuli cha maji mlangoni, wakamsukuma ndani. Tigre hakubweka. Alinitazama tu. Minou tulimbeba kwenye mfuko wake, ila pale kwenye ukaguzi walisema paka atoke, mfuko upite peke yake kwenye mashine. Nilimkumbatia nikapita naye akinipasua shingo kwa kucha, watu wote wananitazama.

Ndani ya ndege Ansima aliniuliza, "Maman, Tigre iko fasi gani?"

"Iko chini yetu. Mu tumbo ya ndege."

Akainama, akaweka kiganja chake sakafuni, akakaa hivyo mpaka mgongo ukamuuma.

Tulipofika Brussels tulipelekwa kwenye chumba cha wanyama. Alikuwepo daktari mmoja mwanamke, anaitwa Annick, mfupi, nywele nyeupe. Akampitishia Minou mashine. Mashine ikalia. Akasoma namba, akalinganisha na karatasi, akasema sawa. Halafu Tigre. Akapitisha shingoni. Kimya. Mabegani, kimya. Akasema wakati mwingine puce hutembea, akashuka miguuni, tumboni, mgongoni, mpaka kwenye mkia. Akabadilisha betri. Akamrudia paka, ikalia. Akamrudia mbwa, kimya.

"Madame," akaniambia, "huyu mbwa hana puce."

Yaya, nilimtukana yule mama. Nataka ujue maneno niliyosema, kwa sababu niliyasema nikiwa nimesimama juu ya neno lako. Nilimwambia mashine yake ni mbovu. Nilimwambia wanatufanyia hivi kwa sababu tumetoka Congo, kwamba wanadhani karatasi zetu zote ni za uongo. Nilimwambia kaka yangu ni mwalimu, hawezi kudanganya. Nilipiga meza. Ansima alikuwa analia, ameshika fito za sanduku. Yule mama hakunijibu vibaya hata kidogo. Alisema tu kwamba sheria inampa njia tatu: mbwa arudishwe alikotoka, au akae karantini na kuanza kila kitu upya, au auawe. Akaniambia nifikirie.

Nilikupigia simu palepale, kwenye korido.

"Yaya, ile puce uliiona kwa macho yako ikiingizwa?"

"Niliiona mimi mwenyewe! Sindano kubwa hivi. Imbwa hata haikulia."

"Hapa mashine haioni kitu."

"Basi mashine yao iko mubaya. Usikubali, mudogo wangu. Batu ba kule banapenda kutuonea. Simama nguvu."

Nikasimama nguvu. Siku kumi na mbili nilisimama nguvu. Nilidai mashine nyingine, wakaleta, nayo ikanyamaza. Nilidai picha ya eksirei, wakapiga, hakuna kitu. Nikasema wameitoa wao. Papa Ansima aliniambia polepole, "Na kama Déo alikosea?" Nikagombana naye, tukalala hatusemeshani, mimi na mume wangu ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Na siku zote hizo Tigre alikuwa kwenye chumba cha saruji, hapewi chanjo wala puce, kwa sababu mimi nilikataa kutia sahihi kwamba hana.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumatano. Hapa Jumatano watoto wanatoka shule saa sita mchana. Ansima aliingia bafuni kunawa. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga, na juu ya jiko kuna mashine ya kuvuta moshi inayonguruma. Sikusikia kitu. Nilijua tu nilipoona maji yanakuja kwenye korido kutoka chini ya mlango. Mlango alikuwa ameufunga kwa ndani. Niliuvunja kwa bega. Alikuwa kati ya sinki na ukuta, jino la mbele limekatika, mdomo umepasuka, maji na damu vimechanganyika. Alikuwa amekaa pale muda gani? Sijui mpaka leo. Daktari wa hospitali aliniuliza crise imechukua dakika ngapi, na mimi mama yake sikuwa na jibu. Walimlaza siku mbili. Alipoamka aliuliza kwa ule mdomo uliovimba, "Tigre haikukuita?"

Unaelewa, Yaya? Alidhani mbwa alikuwepo na hakuniita.

Nilikuwa bado hospitali, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, simu ikalia. Alikuwa Maman Furaha, yule jirani yetu wa nyumba ya bati la kijani. Alikuwa na furaha nyingi.

"Maman Ansima, balinipa numéro yako leo tu! Nilitaka nikuambie aksanti."

"Aksanti ya nini, Maman Furaha?"

"Ya Bobi wetu! Yaya yako Déo alikuja kumuchukua, akasema munamupeleka kwa docteur bure. Bakamupiga vaccin. Na nyuma ya mwezi akarudia tena, bakamutosha damu. Mubarikiwe sana. Nani mwengine anafikiria imbwa ya mujane?"

Yeye aliendelea kunibariki mimi, baba yangu na uzao wangu wote. Nilimwambia aksanti nikakata.

Bobi. Mbwa wa Maman Furaha, wa kahawia kama Tigre, mpole, anayemfuata mtu yeyote mwenye kipande cha mkate. Karatasi zote zilikuwa za kweli. Muhuri ulikuwa wa kweli, namba ya kweli, damu ya kweli. Mbwa tu ndiye alikuwa mwingine. Na Tigre alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya Maman, hatua ishirini kutoka pale ulipomchukua Bobi!

Wewe ulipokubali mwishoni, nilipokupigia kutoka hospitali, uliniambia Tigre alikuonyesha meno, hakutaka kupanda gari, ulikuwa umevaa suti ya mkutano wa wazazi, mvua ilikuwa inakuja. Sawa. Siku ya kwanza nitaielewa. Mtu anaweza kuogopa mbwa. Lakini ulirudi baada ya mwezi, Yaya. Siku hiyo hukuwa na suti. Ulimtoa Bobi mara ya pili, ukampeleka akachomwe sindano ya damu, ukasimama mbele ya daktari ukasema jina lake ni Tigre. Ulikuwa na mwezi mzima wa kuniambia, "Mudogo wangu, nimeshindwa." Ningetuma mtu mwingine. Ningechelewesha tikiti. Na baadaye tena ulikuwa na miezi mitatu, na sahani ya samaki, na safari ya kutusindikiza mpaka mpakani. Ulimshika Tigre kichwani ukamwambia bon voyage. Na nilipokupigia kutoka Brussels ukasema uliona sindano kwa macho yako. Hata uongo hukusema. Uliiona kweli, ikiingia kwenye shingo ya mbwa wa jirani.

Na nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu nini? "Imbwa ni imbwa. Karatasi ni ya kupita tu mupaka. Nani alijua batapima?" Halafu ukasema, "Baache bamuue, nitakutafutia ingine." Mtoto wa dada yako alikuwa kitandani na nyuzi tatu mdomoni.

Nilikwenda Brussels kwa treni nikamwomba Annick msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya Kifaransa, yakanipotea yote. Nikamwambia, "Madame, puce ipo. Ipo Bagira, kwenye shingo ya mbwa wa jirani." Halafu akaziba mdomo kwa mkono, akacheka, akaomba radhi kwa kucheka. Akanipa karatasi nitie sahihi, na saa ileile Tigre akapata puce yake mbele ya macho yangu. Alilia, Yaya. Mbwa wangu ni mwoga wa sindano.

Alikaa karantini miezi minne. Tuliruhusiwa kumwona nyuma ya wavu, nusu saa, na safari ni ndefu, kwa hiyo hatukwenda kila wiki. Ansima alikuwa anamsomea masomo yake ya shule. Katika miezi hiyo alipata crise tano. Nilimkataza kufunga milango. Nililala chini kando ya kitanda chake. Alipokuwa shuleni nilitembea na simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Tigre amerudi nyumbani tangu wiki tatu. Nilidhani angeturukia. Hapana. Aliingia, akanusa kuta, akaenda kulala chini ya meza ametugeuzia mgongo. Alikuwa amekonda, manyoya ya kiunoni yamekwisha kwa kujilamba. Ansima alimwita akakataa kuja. Mtoto akaniambia, "Anafikiri tulimutupa." Siku sita alikula tu na kulala. Minou peke yake ndiye alimkaribia, akalala juu ya miguu yake.

Siku ya saba, Jumanne saa kumi jioni, nilikuwa napiga pasi. Nikasikia kitenge kinavutwa. Nilitupa pasi chini, sakafu imeungua, alama ipo. Nilimfikia Ansima kabla kichwa hakijagonga ukuta. Nilimlaza ubavu, Tigre akalala mgongoni mwake akitetemeka yeye pia. Nilihesabu: dakika mbili kasoro. Mtoto alipofungua macho nilianza kulia, na nikalia kilio chote cha miezi mitano, na katika kilio hicho, Yaya, hasira yangu kwako haikupungua. Iliongezeka. Kwa sababu niliona kile ulichotaka kiuawe na kubadilishwa na kingine.

Ningenyamaza hata hivyo, labda. Lakini juzi Chantal aliniambia kwa simu, bila kujua, kwamba nyumbani mnasema mimi ndiye nilichanganya karatasi za wanyama kwa haraka ya Ulaya. Kwamba Maman anasikitika nilivyokuwa mzembe na mtoto mgonjwa. Hayo yametoka kwako. Huko nyumbani hakuna mwingine aliyejua kwamba karatasi zilichanganyika.

Basi fanya mambo mawili. La kwanza, mkalishe Maman sebuleni, Chantal akiwepo, umsomee barua hii yote kutoka juu mpaka chini, pamoja na maneno yanayokuchoma. Usiruke. Nitampigia Maman Jumapili ijayo nimwulize Ansima alivunja jino wapi. Nitajua kama ulisoma.

La pili, ndani ya bahasha hii kuna karatasi zile ulizonipa, na karne ya chanjo. Nimefuta jina la Tigre nimeandika Bobi. Mpelekee Maman Furaha, ni mali yake. Mwambie ulichofanya, na umwombe radhi kwa kutumia wema wake. Utaona kwenye ukurasa wa pili kuna tarehe ya chanjo ya kurudia, inakaribia. Bobi hajakosa kitu. Utampeleka wewe mwenyewe, mvua inyeshe isinyeshe, na ukifika kwa daktari utasema jina lake halisi.

Msalimie Maman, mwambie nampenda na nitamweleza mengine kwa sauti yangu. Msalimie wifi yangu Chantal, asikasirikiwe, hakujua alichokuwa anasema. Msalimie shangazi yetu wa Mudaka aliyetupatia mbwa. Msalimie mkwe wangu mzee, mama yake Papa Ansima, mwambie mwanawe amenenepa. Na Maman Furaha msalimie baada ya kumwambia ukweli, si kabla.

Wewe mwenyewe nimeshakusalimu pale juu. Kwa leo inatosha.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Maman Ansima